Mwalimu wa Neema Kule Suwaidi

Nilimwonea wivu mwanamke huyu kwa miaka minne, na naanza kwa kulisema hilo ili nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyokuwa. Watu wengi huandika habari za mtu waliyempenda. Mimi naandika habari za mtu ambaye kila alipofungua kinywa nilitamani akohoe, asahau, akwame katikati ya neno, walau mara moja tu. Hakukwama.

Tulimwita Mwalimu. Jina lake lilikuwa kwenye ikama yake, ile kadi ya ukaaji ambayo kila mgeni hutembea nayo, lakini sisi hatukulitumia, na hapa pia sitalitumia. Alikuwa amefundisha shule ya msingi Kenya mpaka shule yenyewe ikafungwa, kisha akaja Riyadh miaka ile maajenti walipokuwa wakijaza ndege kwa wasichana na vijana wetu. Yeye hakuwa msichana. Ajenti alimpunguzia umri kwenye fomu, naye akatia sahihi. "Uongo wenyewe ni wa miaka sita," alikuwa akisema, "na kila mwaka unaniwasha upya."

Mimi nilikuwa dereva wa familia moja katika mtaa wa Suwaidi. Chumba changu kilikuwa kando ya geti. Yeye aliletwa katika nyumba hiyohiyo kumtunza mama mzazi wa bosi, ajuza aliyepooza upande wa kushoto, na akawa analala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda cha mgonjwa wake. Kwa hiyo nilimfahamu kama mtu wa nyumbani kabla hajawa mshindani wangu. Na ni mimi mwenyewe niliyempeleka kule alikokuja kunishinda.

Kila Ijumaa asubuhi, mtaa mzima ukiwa bado umelala, tulikutana watu kumi na watano hivi katika chumba cha Mutua, fundi wa aluminiamu kutoka Machakos. Tulikuwa madereva, walinzi, na wanawake wanne watano wa kazi za ndani, kadama kama wanavyoitwa kule, ambao mabibi zao waliwaruhusu kutoka saa chache. Ibada ya Kikristo ilikatazwa kule, kwa hiyo tuliimba kwa kuvumisha tu, midomo imefungwa, televisheni ikiwa imewashwa. Kisha nahubiri mimi. Waliniita Pasta. Sikuwa nimesomea popote wala sikuwekewa mikono na mtu yeyote, lakini kundi nililianzisha mimi, na jina lile lilinikaa mwilini kama shati lililopigwa pasi.

Nilihubiri matendo. Funga, omba, vumilia, usimjibu madam wako, usiangalie vitu vya ovyo kwenye simu. Baada ya mahubiri nilimwinua kila mmoja aseme amemfanyia Mungu nini wiki hiyo. Mutua aliwahi kuniambia kwa mzaha kwamba siku ya Alhamisi huanza kutafuta ombaomba wa kumsaidia ili asije akakosa la kusema. Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi. Nilidhani huo ndio uchungaji.

Siku niliyompeleka Mwalimu, nilimwomba atoe neno la dakika kumi, kama adabu tu ya kumkaribisha mgeni.

"Kumi zinatosha," akasema, akatoa daftari mkobani. Juu ya jalada palikuwa pameandikwa kwa herufi kubwa: KILIMO, DARASA LA SITA.

Historia ya daftari lile alitusimulia baadaye. Shuleni kwake waliletewa sanduku la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vingi havina maana yoyote kwa watoto. Kimoja kilikuwa mahubiri ya Waprotestanti waliohamia Amerika ile ya mwanzo, karne nyingi zilizopita, Kiingereza kigumu, mchwa wamekula pembe. Mkuu wa shule alitaka kuwashia jiko. Mwalimu akakichukua, akakaa nacho likizo mbili na kamusi, akanakili kwa Kiswahili yaliyomgusa, katikati ya maelezo yake ya kupanda viazi na kutengeneza mboji. Kitabu chenyewe asingethubutu kuja nacho. Daftari la kilimo lilipita uwanja wa ndege bila mtu kuligusa.

Ijumaa ile alitueleza habari za watu waliovuka bahari wakaenda kukaa katika nchi ya baridi kali, wakajenga nyumba za ibada za mbao zisizo na moto. Mhubiri aliweka mimbarini chupa ya mchanga ya kupimia saa, na mchanga ukiisha aliweza kuigeuza akaanza upya. "Kama Pasta," akasema, na watu wakacheka, nami nikacheka kwa meno. Watu wale, akaendelea, waliamini kwamba mwanadamu haokolewi kwa lolote alilofanya. Ni neema tu, na neema haina bei. Lakini kila siku walijichunguza mioyo na mienendo yao, wakitafuta dalili kwamba wao ni miongoni mwa wateule. Wengine waliandika kila kosa, kila wazo baya. Hawakuwa na raha. Walisema kwa mdomo kwamba matendo hayanunui kitu, na usiku kucha wakahesabu matendo.

"Sisi hapa," Mwalimu akasema, akifunga daftari, "tunaishi kwa mkataba. Kila tunachopata tumekifanyia kazi. Kafili, huyo aliyekudhamini, hakupi chai kwa sababu anakupenda. Kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba kuna mlango ambao hauulizi umefanya nini. Lakini upo. Mchungwa hauzai machungwa ili uwe mchungwa. Unazaa kwa sababu tayari ni mchungwa."

Akaketi. Alikuwa ametumia dakika tisa. Mutua akanigeukia palepale, watu wote wakisikia: "Pasta, Ijumaa ijayo Mwalimu ataendelea?"

Nikasema, "Bila shaka." Nakumbuka ladha ya neno lile mdomoni.

Ukimwona hungedhani. Alikuwa mfupi, mguu wa kulia ukiburuta kidogo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alisahihisha Kiswahili cha kila mtu bila huruma. Msichana mmoja akitoa ushuhuda huku analia alisema "Mungu ameniokolea mimi," naye akamkata: "Ameniokoa. Endelea." Hakuimba vizuri, kwa kweli aliimba vibaya sana, na mimi nilijifariji kwa hilo. Chai alikunywa bila sukari, mkate aliuchovya, na ukimwandalia keki aliiangalia kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Watu wa kwetu wakikutana ughaibuni hupenda kuulizana ukoo na kijiji. Yeye hakuuliza, na akiulizwa alijibu, "Nimetoka darasa la sita," basi.

Alikuwa pia na ukali ambao wafuasi wake walipenda kuusahau. Alikuwa na dada yake nyumbani ambaye hawakusemezana tangu mazishi ya mama yao, kwa sababu ya maneno fulani yaliyosemwa jikoni. Nilimwuliza mara moja garini, kwa makusudi kabisa, neema yake inasemaje kuhusu dada. Alitazama nje ya dirisha mpaka tukafika. Kisha akasema, "Inasema nimpigie simu. Sijampigia." Akashuka. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

Na huyu mtu aliyetufundisha kwamba matendo hayanunui kitu, sijapata kuona mtu wa matendo kama yeye. Ajuza wa bosi alikuwa mkali, mkono wake mzima uliweza kurusha glasi. Kadama watatu walikuwa wamekwisha kukimbia. Mwalimu alimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, akamsugua miguu kwa mafuta, na siku moja akagundua kwamba bibi yule hajui kusoma. Akachukua kitabu cha mjukuu wa darasa la kwanza, wakaanza kujifunza pamoja, alifu, be, te, mmoja hajui lugha na mwingine hajui herufi. Nilipita kwenye mlango nikiwa nimebeba maji, nikawaona wamekunja nyuso juu ya ukurasa mmoja kama watu wanaotafuta sindano. "Halas," bibi akasema, yaani basi, amechoka. "Mafi halas," Mwalimu akamjibu kwa Kiarabu chake cha kuvunjika, "bado herufi mbili." Bibi, ambaye hakuna aliyewahi kumkatalia kitu katika nyumba ile, akasoma herufi mbili.

Mimi nilipomfanyia mtu jema, Ijumaa nililitangaza. Yeye hata hakuonekana kujua kwamba kuna kitu cha kutangazwa. Hilo ndilo lililoniuma. Laiti angekuwa mnafiki! Nilimchunguza kwa bidii kuliko wale watu wa nchi ya baridi walivyojichunguza wenyewe, na sikupata zaidi ya dada yake.

Sasa nifike kwa Jackline. Alikuwa kadama kijana, mnyamavu, mwenye kukaa karibu na mlango. Mama yake aliugua nyumbani, naye Jackline akaniomba ushauri, nami nikampa kile nilichokuwa nacho: afunge siku tatu, bila chakula wala maji, na Mungu atasikia. Siku ya pili alianguka jikoni akiwa anapiga deki. Madam wake akamlazimisha kunywa maji na kula tende. Wiki ileile mama yake akafa.

Alikuja Ijumaa, macho yamevimba, akasimama mbele yangu akiwa bado na viatu miguuni. "Pasta," akasema, "ni mimi nimemuua. Nilikunywa maji."

Chumba kizima kiliningoja. Na ukweli ni kwamba mahali fulani ndani yangu nilikuwa nimeamini hivyohivyo. Nikakohoa. Nikaanza, "Njia za Mungu, dada…" nikakwama mimi, si yeye niliyekuwa nikimwombea kukwama.

Mwalimu aliinuka na mguu wake ule, akamshika Jackline mashavu kwa mikono miwili kama mtoto. "Nitazame. Mungu hakai na kikombe akikupimia maji. Sikia? Mama yako alikuwa mgonjwa, amekufa kwa ugonjwa. Wewe ulikuwa na kiu, ukanywa. Ni mambo mawili. Usiyaunge."

"Lakini niliahidi siku tatu."

"Uliahidi kwa sababu unampenda. Kupenda kwako hakukupungua kwa glasi moja ya maji. Lia sasa. Lia kwa ajili ya mama, usilie kwa ajili ya maji."

Jackline akalia mpaka abaya ikalowa kifuani. Wanawake wote wakalia, Mutua akaongeza sauti ya televisheni. Mimi nilibaki nimesimama na Biblia yangu ya mfukoni. Mtu mwema angeshukuru kwamba msichana ameokolewa kutoka mahali nilipomtumbukiza. Mimi nilichokiona ni kwamba mbele ya kundi langu, ndani ya chumba nilichokitafuta kwa jasho langu, mwanamke mmoja amefanya kwa maneno machache kile ambacho sikuweza kwa miaka miwili. Sikumsamehe.

Ilikuwa Ijumaa chache baada ya hapo alipotusimulia habari ya mwanamke wa kule Amerika ya mwanzo. Alikuwa akikusanya wenzake nyumbani kwake kuyajadili mahubiri ya Jumapili, mwanzo wanawake tu, kisha na wanaume pia. Akafikia kusema kwamba karibu wahubiri wote wa mji wanawafundisha watu kutegemea matendo badala ya neema. Wakubwa wakamshtaki, wakamhoji, akawajibu kwa Maandiko hoja kwa hoja. Mwishowe wakamfukuza katika nchi ile, na kanisa likamtenga.

"Alikuwa na haki?" Mutua akauliza.

"Kuna mahali alizidisha," Mwalimu akasema. "Alikuwa binadamu. Na wale wahubiri nao walikuwa na hoja yao: watu wakiambiwa matendo si kitu, wengine watalala. Lakini nadhani walimwogopa zaidi kwa sababu watu walimsikiliza."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mpaka leo siamini kwamba alinilenga. Lakini uso wangu ulichomeka, na wiki ile nzima niliendesha gari nikipanga maneno.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu alichelewa, bibi alikuwa na homa. Niliwaambia wenzangu kwamba jirani wa ghorofa ya juu, Mmisri mmoja mhasibu, amenisimamisha kwenye ngazi akauliza hawa watu kila Ijumaa ni wa nini, na mwanamke mlemavu anayepanda ni nani. Nikasema kundi limekuwa kubwa kwa sababu ya Mwalimu. Nikasema ikitokea shida, sote tutarudishwa nyumbani kwa ndege moja. Nikapendekeza apumzike kuja. Hakuna jirani aliyeniuliza kitu. Nililitunga jambo hilo nikiwa kwenye taa za barabarani, nikisubiri rangi ya kijani.

Hofu ni rahisi kuisambaza kwa watu ambao tayari wanaogopa. Waliinua mikono mmojammoja, Jackline wa mwisho, mkono umefika begani tu. Mwalimu alipoingia nikamweleza. Alisikiliza amesimama, anahema kwa ngazi. Akauliza kama anaweza kusema neno moja kabla hajaondoka.

"Yalla, Mwalimu, muda umekwisha," nikasema, "watu wana kazi."

Akafunga mkoba. Nilimrudisha nyumbani kwa gari lilelile, mimi mbele, yeye nyuma, na getini akasema: "Asante kwa kunileta."

Mnadhani nilipata raha? Kundi lilirudi mikononi mwangu, lakini likanisikiliza kama watu wanaosubiri basi. Baadaye Jackline aliniambia kwamba yeye na wengine watatu walimpigia simu Mwalimu wakamwomba aanzishe kundi lake. Aliwakatalia. Aliwaambia, "Rudini kwa Pasta. Msimwache peke yake." Nilipolisikia hilo wivu wangu ukawa mkubwa kuliko mwanzo. Nilikuwa nimemnyang'anya kiti, na bado yeye ndiye aliyenigawia watu wa kukaa mbele yangu.

Bibi alifariki mwaka uliofuata, Mwalimu amemshika mkono mzima. Dada ya bosi aliyekaa Jeddah akamtaka alee mapacha wake, ikama ikahamishwa, akaondoka asubuhi nikiwa nimepeleka watoto shule. Nadhani nilizunguka barabara mbili zaidi kwa makusudi ili nisimkute.

Nilimwona tena mara moja tu. Familia ilikwenda Jeddah kwa harusi, nikawaendesha siku nzima kuvuka jangwa. Kesho yake bosi alinipa ruhusa mpaka alasiri. Jackline, aliyekuwa bado anawasiliana naye, alinielekeza kwa simu: mkataba wa Mwalimu umekwisha, anasubiri karatasi za kutoka, amepanga kitanda Hindawiyah pamoja na wanawake watatu wa Kenya wanaosafisha hospitalini. Nilipita vichochoro vya mtaa ule mkongwe, nguo zimeanikwa juu ya vichwa, unyevu wa bahari ukinigandisha shati mgongoni. Mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa ameketi akichagua mchele kwenye sinia, sinia ameisogeza karibu na uso. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu.

"Nani huyo kwenye mwanga?"

"Ni mimi, Mwalimu. Dereva. Wa Suwaidi."

"Pasta!" akasema, na nikasikia kwamba amefurahi kweli. Hilo nalo likanichoma.

Sikukaa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima kutoka Riyadh. "Mwalimu, nimekuja kusema jambo. Ile habari ya jirani wa juu. Yule Mmisri…"

"Hakukuuliza kitu," akasema, akiokota kijiwe kwenye mchele. "Najua. Siku ileile ulipokuwa ukigeuza gari, si nilikuambia nimesahau miwani, nikarudi ngazini? Sikusahau. Nilipanda juu. Mke wake akanifungulia. Nilimwuliza kama tunawasumbua na zile sauti. Akasema hapana, mtoto wao hulala vizuri tukivumisha."

"Ulijua wakati wote? Ukarudi garini, ukasema asante?"

"Nilitaka kusema. Nilitaka sana, Pasta. Nilitunga hotuba nzima ya kukuumbua mbele yao, nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilipoona jinsi ninavyoifurahia nikaogopa. Nikanyamaza. Usidhani nilikusamehe. Ilichukua zaidi ya mwaka, na kuna siku ilikuwa inarudi. Kumsamehe bibi aliyenirushia glasi kulikuwa rahisi kuliko wewe."

"Na dada yako?" Sijui kwa nini niliuliza. Mazoea.

"Nilimpigia. Alikuwa amekwisha kufa miezi miwili." Akatikisa sinia. "Hilo nalo ninalo."

Nikaanza kusema haraka. Nitamtafutia daktari wa jicho. Nitamwomba bosi afuatilie karatasi zake. Nitampeleka uwanja wa ndege, nitamnunulia sanduku, nitawapigia simu wote wa Suwaidi, mmojammoja, niwaambie ukweli.

"Wapigie," akasema. "Hilo ni lao. Hayo mengine, karatasi zimeshatoka, zinagongwa mhuri Jumapili. Sanduku ninalo. Jicho litangoja Kenya. Huna cha kunifanyia leo. Keti."

"Lakini Mwalimu…"

"Keti, kaka. Utakula na sisi."

Niliketi. Hakuna kazi iliyopata kunishinda kama ile ya kukaa tu juu ya mkeka, mikono mitupu, nikimtazama mwanamke niliyemdhulumu akiosha mchele, akikaanga vitunguu, akinikataza hata kuinua jagi la maji. Wanawake watatu wakarudi kutoka zamu yao, wakavua viatu, mmoja akauliza mgeni ni nani.

"Ndiye mhubiri wetu wa Riyadh," Mwalimu akasema. "Ndiye aliyenipeleka kwa watu."

Alisema bila kejeli hata kidogo, nami nikamwonea wivu tena, palepale, vilevile kama siku ya kwanza. Nadhani nitamwonea mpaka nife.

Sinia ikawekwa katikati. Mmoja wa wanawake, kwa heshima, akaniomba niombee chakula. Nikafumba macho. Nilitafuta maneno, yale yote niliyokuwa nayo miaka yote ile, na sikupata hata moja lililokuwa langu. Nilisikia feni. Nilisikia mtoto akipita kichochoroni. Wanawake walingoja, vichwa vimeinama, na mimi nikaendelea kunyamaza mpaka nikahisi machozi yakinifika kwenye masharubu.

"Amina," Mwalimu akasema. "Kuleni, wali unapoa."